Kibubu cha Krismasi: Bakshishi za Desemba Zilianzia Wapi?

Kila ikifika Desemba mnatuandikia swali lile lile. Nimpe nini mtu wa posta? Wazoa taka je, nao wanapewa? Na yule dada anayesafisha ofisini, nikimpa pesa nitamvunjia heshima? Halafu lazima atokee mmoja wa kuuliza, "Lakini jamani, si wanalipwa mshahara?" Kwenye kipindi tulilicheka hilo la mwisho kisha tukapita. Mimi ndiye niliyejitia kusema nitaandika historia yake, basi nimekaa chini, nimeandika.

Nianze na jina. Wengi wetu tuliokulia Uingereza tunaijua Boxing Day kama siku ya mpira na ya maduka kushusha bei. Mama yangu kwa miaka mingi aliamini kabisa ni siku ya ngumi. Wala si wa kumcheka. Kule Tanzania tarehe 26 Desemba ni sikukuu ya umma, jina ni hilo hilo, na mapromota wa Dar es Salaam wanapenda sana kupanga mapambano ya ndondi siku hiyo. Ukiambiwa ni siku ya ngumi na jioni ngumi zikapigwa kweli, utabishaje?

Lakini ngumi hazimo. Kilichomo ni boksi, na boksi lenyewe, ukilitazama vizuri, lilikuwa kibubu.

Kibubu unakijua, au bibi yako anakijua. Ni kile chombo cha udongo chenye tundu jembamba, sarafu ikishaingia haitoki mpaka ukivunje. London ya karne ya 17 ilikuwa na vibubu hivyo hivyo vya udongo. Wanagenzi wa mafundi, yaani wale vijana waliokuwa wakifundishwa kazi kwa fundi viatu, kinyozi au muuza nguo, walikuwa na kibubu chao. Krismasi ikikaribia, wateja wa fundi waliombwa watumbukize chochote. Sikukuu ikifika kibubu kinavunjwa, vijana wanagawana. Kwa Kiingereza kikaitwa "Christmas box", yaani boksi la Krismasi, na baadaye jina likahama kutoka kwenye chombo likaenda kwenye pesa yenyewe. Mpaka leo mzee wa Kiingereza akikwambia amempa mtu wa magazeti Christmas box, usitafute boksi. Ni noti.

Wapo wanaosema asili yake ni masanduku ya sadaka ya kanisani yaliyofunguliwa siku ya Mtakatifu Stefano, ambayo ndiyo tarehe 26. Siwabishii. Mimi napenda habari ya kibubu cha wanagenzi kwa sababu tunaye shahidi aliyetia pesa ndani, na akaandika.

Shahidi huyo ni Samuel Pepys. Nikimwelezea mtanielewa kwa nini nampenda. Baba yake alikuwa mshona nguo. Yeye akasomeshwa mpaka Cambridge, akapata kazi ya ofisini kwenye idara ya majeshi ya majini ya mfalme, akawa anakaa mezani na wakubwa. Mtoto wa fundi aliyevaa suti, kwa hiyo ni mwenzetu kabisa. Tangu 1660 mpaka 1669 aliandika shajara ya kila siku, na ndani yake kila senti inaonekana imetoka imekwenda wapi. Tarehe 19 Desemba 1663, akiwa na miaka 30, anaandika kwamba alipanda gari la farasi akaenda kwa fundi wake wa viatu, akalipa deni lote, akatia kitu kwenye boksi la vijana kwa ajili ya Krismasi. Angalia mpangilio wake. Kwanza analipa anachodaiwa, ndipo anatoa cha sikukuu. Hivi ni vitu viwili, na hakuvichanganya.

Miaka mitano baadaye hali ni nyingine. Tarehe 28 Desemba 1668 anaamshwa na ngoma na tarumbeta chini ya dirisha, watu wamekuja kutaka cha Krismasi. Analalamika kwenye shajara kwamba mambo haya na maboksi yamekwisha kumla pesa nyingi mwaka huu na bado yataendelea kumla. Alikuwa amepanda cheo, na ukipanda cheo wanaokuamkia asubuhi huongezeka. Sisi tunaorudi Tanga au Mombasa kila baada ya miaka miwili na masanduku mawili mikononi, hiyo tarumbeta tunaijua sauti yake.

Wa pili ni Jonathan Swift, mwandishi na kasisi aliyezaliwa Dublin. Krismasi ya 1710 alikuwa London, na kwenye barua zake za kwenda Dublin anasema maboksi ya Krismasi yatamfilisi. Watumishi wa mkahawa wa kahawa, anasema, wamepandisha kodi yao, kila mteja anatoa crown moja. Crown ilikuwa shilingi 5, na hiyo shilingi ndiyo iliyokuja kuwa shilingi yetu ya Afrika Mashariki. Naye akatoa. Kwa nini? Kwa aibu, anakiri mwenyewe. Juu ya hapo akawapa mabawabu wa nyumba za wakubwa nusu crown kila mmoja, maana bila bawabu humwoni mkubwa.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu Swift ametupa kitu ambacho kurasa za adabu za Desemba hazikisemi. Zinakwambia toa kwa shukrani. Yeye anasema ukweli: alitoa kwa sababu wenzake wote walitoa na hakutaka kuonekana. Na kwa bawabu ilikuwa biashara kabisa, mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo miaka 300 iliyopita tayari bahasha moja ilikuwa na mambo matatu ndani yake: ahsante, aibu, na kufunguliwa mlango. Vigumu sana kuyatenganisha.

Karne hiyo ya 18 aibu iligeuka kuwa ugomvi. Kwenye nyumba za matajiri wa Kiingereza mgeni alipomaliza kula na kuaga, watumishi walijipanga mstari ukumbini mpaka mlangoni, kila mmoja na kitu chako mkononi. Huyu ana kofia, yule ana fimbo, mwingine koti. Humpi, hupati. Pesa hizo ziliitwa "vails". Yaani mwalikwa wa chakula cha jioni alikuwa anakilipia chakula kile mlangoni, na wapo walioacha kabisa kwenda kula kwa marafiki zao kwa kukosa vails. Kuna kisa kilichosimuliwa sana cha mgeni aliyekula kwa Duke wa Newcastle, akamwekea mpishi crown mkononi. Mpishi akamwambia yeye hapokei fedha, maana yake alitaka dhahabu. Mgeni akajibu kwamba yeye naye hatoi dhahabu, akairudisha crown yake mfukoni, akaenda zake.

Jonas Hanway, mfanyabiashara na mtu wa misaada London, aliandika kitabu kizima kuipinga desturi hiyo. Mabwana wakaanza kukubaliana waikomeshe. Watumishi nao hawakukaa kimya. Mwaka 1764 walifanya fujo kwenye bustani za Ranelagh, mahali pa starehe pa wakubwa. Ukisoma waandishi wa wakati ule utadhani watumishi walikuwa wezi watupu. Mimi nauliza swali dogo la mtoto wa mfanya usafi: mishahara yao ilikuwaje? Bwana alipomwajiri mtu alijua wazi kwamba wageni watamjazia, kwa hiyo akampa kidogo. Wageni ndio waliokuwa wakimlipia bwana mishahara ya watumishi wake. Halafu bwana huyo huyo ndiye aliyesimama kusema desturi hii inatutia aibu.

Karne ya 19 nitaipita haraka, si kwa sababu haina mambo bali kwa sababu mambo ni yale yale na watu zaidi. Mji umekua, wanaokuhudumia bila wewe kuwajua wameongezeka: mpeleka barua, mwasha taa za barabarani, mlinzi wa usiku, mzoa taka, kijana wa mwuza nyama. Waasha taa walichapisha mashairi mafupi kwenye karatasi na kuyagawa nyumba kwa nyumba, ukipokea shairi unatoa kitu. Wazoa taka nao waligawa matangazo ya kuwaonya wenye nyumba wasidanganywe na wazoa taka wa uongo wanaopita kukusanya cha Krismasi. Hapo nilicheka peke yangu maktaba. Matapeli wa sikukuu hawakuanza na WhatsApp. Mwaka 1871 Bunge likapitisha sheria ya sikukuu za benki, na 26 Desemba ikawa mojawapo. Ufalme ukaibeba tarehe hiyo popote ulipokwenda, ndiyo maana ipo kwenye kalenda ya Dodoma. Afrika Kusini hata desturi yenyewe ilibaki: wazoa taka huko bado hugonga mageti Desemba wakiulizia Christmas box yao.

Pwani yetu haikungoja Waingereza kuifundisha hili jambo. Neno letu bakshishi, au bahashishi kama wazee wanavyolitamka, limetoka Kiajemi, na limepita bandari zote za Bahari ya Hindi kabla ya kutufikia. Lakini hilo ni la jumla tu. Utajiri uko kwenye maneno madogo. Fundi akimaliza kazi anapewa kilemba. Mwanagenzi akihitimu, yeye ndiye anayempa fundi wake kilemba. Hapo tofauti na London ni kubwa: kule mteja anamtilia kijana kibubuni, huku kijana anamvika mwalimu wake. Kuna kiinua mgongo, cha kumwinua aliyeinama kwa ajili yako, neno ambalo leo serikali wanalitumia kwa malipo ya mtumishi anayestaafu. Kwenye harusi ndiyo usiseme: kifungua mlango, kiosha miguu, kipa mkono. Kila kazi ya mkono ina jina lake na zawadi yake. Anayepewa hajidhalilishi kuomba, kwa sababu anachodai kina jina. Na siku ya Idi watoto wa Unguja wanapita wakidai mkono wa Idi. Wenzetu wa Muscat na Dubai wana idia yao, na nyumba nyingi huko dereva na dada wa kazi nao hupata.

Tunayo pia maneno ya upande wa pili. Hongo, kwa mfano. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ililipa hongo kwa machifu ili ipite salama kwenye nchi zao. Ulikuwa ushuru wa njia, unajulikana, unajadiliwa mchana kweupe. Leo hongo ni rushwa tu. Chai nayo ni kinywaji, lakini askari wa barabarani akikuomba ya chai hakuna anayefikiria majani. Ndiyo maana wazazi wetu wengi wanasita kumpa bahasha mtu wa posta. Kwao mtumishi wa umma na bahasha ni picha mbaya. Mjomba wangu aliwahi kunikataza kabisa, akaniambia, "Mwanangu, utamfungisha mtu wa watu."

Na kwa Marekani mjomba hakukosea sana. Mlioko Columbus au Minneapolis, sikilizeni: mpeleka barua wa huko ni mtumishi wa serikali kuu na haruhusiwi kupokea pesa taslimu, hata dola 5. Zawadi ya kitu inaruhusiwa ikiwa thamani yake haizidi dola 20 kwa mara moja, na kwa mteja mmoja isizidi dola 50 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo glavu, sawa. Vitumbua, sawa na zaidi. Noti kwenye kadi, hapana.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa. Mama alisafisha ofisi katikati ya London kwa miaka 19. Alitoka nyumbani saa 9 usiku kwa basi, saa 10 alfajiri ameshashika ufagio, na watu wa ofisi walipoingia yeye alikuwa ameshaondoka. Wengi hawakuwahi kuuona uso wake. Desemba kampuni yenye jengo iliwapa wafanyakazi wake vikapu vya chokoleti na mvinyo. Mama hakupewa, kwa kuwa kwenye karatasi hakuwa mfanyakazi wao. Alikuwa wa kampuni ya usafi iliyopata zabuni. Lakini ghorofa ya nne kulikuwa na watu waliokuwa wanachanga wenyewe kila mwaka, wakaacha bahasha juu ya ndoo zake, na kadi ndani yenye majina yao na jina lake limeandikwa sawasawa. Sisi ni Waislamu. Mama aliiita mkono wa Idi wa Wazungu. Pesa ilikwenda Tanga kama pesa zote, kadi zilibaki kwenye kabati la vyombo na zipo hadi leo.

Mwaka 2003 msimamizi wa kampuni ya usafi akatangaza kwamba bahasha zote zipitie kwake ili zigawiwe sawa kwa kila mtu. Wazo si baya, ukilisikia. Wanagenzi wa Pepys walikuwa na kibubu kimoja. Tofauti ni kwamba wao walikivunja wenyewe, mbele ya wote. Mama na wenzake wale, mmoja wa Ghana, wawili wa Colombia, walisubiri mpaka Januari. Kilichokuja ni kopo moja la biskuti kila mtu. Mama alileta lile kopo nyumbani, tukala biskuti, likawa la kutilia nyuzi na sindano. Hakusema neno. Sikuwahi kumwona amekasirika vile kwa kimya.

Wakati ule hakukuwa na sheria ya kumzuia msimamizi yule. Tena mpaka 2009 Uingereza mwajiri aliweza, bakshishi ikipitia kwenye karatasi yake ya mishahara, kuihesabu kuwa sehemu ya kima cha chini cha mshahara. Yaani yale ya bwana wa karne ya 18, yamehalalishwa kwa kompyuta. Mlango huo ulifungwa tarehe 1 Oktoba 2009. Ikachukua miaka 15 kufunga wa pili: tangu 1 Oktoba 2024, kwa sheria iliyopitishwa 2023, bakshishi inayopita mikononi mwa mwajiri England, Scotland na Wales lazima iwafikie wafanyakazi yote bila kukatwa, na mgawanyo uwe wa haki. Wengi wanadhani sheria hii ni ya mahoteli tu. Siyo.

Kwa hiyo nikirudi kwa yule anayeuliza kila mwaka, "si wanalipwa?" Ndiyo wanalipwa, na swali la kama wanalipwa vya kutosha lipelekwe kwa mwenye jengo mwezi wa Machi, kwa barua, siyo kwenye kadi ya Krismasi. Ukifanya kazi ofisini una sauti ya kuuliza zabuni ya usafi inalipa shilingi ngapi kwa saa. Mimi nimeuliza kwangu, nikaambiwa nitajibiwa. Bado nangoja, na bado nauliza. Bahasha ni jambo lingine. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mimi sitawapa kiwango, ingawa mnanidai. Ghorofa ya nne walikuwa wanampa mama paundi 40 kati yao wote, na kadi moja.

Ila kuhusu namna, nina maoni. Mpe mkononi ukiweza, siyo kupitia kwa msimamizi. Usimpe mbele ya watu, wala usipige picha, tafadhali. Andika jina lake, na kama hulijui muulize, hiyo peke yake ni nusu ya zawadi. Kama anafika usiku usiomwona, acha ujumbe na bahasha mahali ambapo yeye tu anapagusa. Na usingoje tarehe 26, siku hiyo hakuna mtu kazini. Pepys alitoa tarehe 19. Mimi hutoa wiki hiyo hiyo, kwa sababu mizigo ya Krismasi kwenda nyumbani huwa imeshaondoka, lakini pesa ya simu inafika Tanga kwa dakika moja, na dada anayesafisha kwetu ana watoto wake Kumasi wanaongoja vilevile.